Stesheni ni ya Nani? Mazungumzo Kuhusu Msafiri Mwenye Ulemavu

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wetu Mombasa baada ya sala ya Alasiri. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Alhamdulillah. Shukran kwa wote mliobaki, manake joto la leo mwalijua na najua pia kuna mechi. Sitawaweka sana.

Leo sizungumzi habari ya kamatakamata wala vitambulisho. Nazungumza habari ya stesheni ya treni. Naona kuna ndugu pale nyuma ashaanza kumwangalia mwenzake, ati stesheni na haki za Waislamu wapi na wapi? Nipe dakika ishirini, kisha unihukumu.

Treni ya abiria ya Madaraka Express ilizinduliwa Mei 31, 2017. Kabla ya hapo, kwenda Nairobi ilikuwa ni basi la usiku, unafika asubuhi miguu imevimba. Sasa unapanda Miritini na baada ya saa tano na kitu uko Syokimau. Reli hiyo ni kama kilomita 472, na katikati kuna Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Kuna watu wetu katika kila stesheni hapo. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000, Januari 2024 ikapanda hadi 1,500. Tumelalamika, tumelipa, tunasafiri.

Na reli yenyewe ilijengwa kwa mkopo kutoka China, na katika kulipa kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini. Kwa hivyo mama anayeuza mahamri Kisauni, aliyenunua mafuta ya kupikia yaliyotoka nje, ameilipia reli hii hata kama hajaipanda. Mtoto wake anayetumia kiti cha magurudumu pia ameilipia. Hilo naomba mlishike vizuri, manake tukifika mbele kuna mtu atakuja na neno "tutajaribu kuwasaidia", na wewe utakumbuka kwamba hawa si wageni waalikwa. Ni wenye mali.

Sasa hebu tutembee stesheni pamoja. Wengi wenu mmepita, mwajua mambo yalivyo. Unashuka matatu au tuktuk na begi lako. Unafika pale mizigo inapopangwa kwa mstari, unarudi nyuma, mbwa wanapita wananusa (na hapo kila Muislamu anaomba kimoyomoyo mbwa asilambe begi lenye msala). Halafu mashine ya kukagua. Kitambulisho. Tiketi. Mashine nyingine. Ukumbi wa kungojea. Kisha tangazo kwenye kipaza sauti, watu wote wanainuka kwa pamoja kama wametumwa, ngazi, jukwaa, unatafuta behewa lako, unapanda. Wewe kijana wa miaka ishirini unayapita haya yote huku unaandika meseji.

Rudia safari hiyo ukiwa huoni. Umeshuka tuktuk, dereva ashaondoka. Lango liko upande gani? Uwanja mbele ya stesheni kubwa ni mpana, hauna ukuta wa kufuata kwa fimbo. Sauti ziko kila upande, kila mtu wa teksi anakuita. Ukifika kwenye ukaguzi unaambiwa "weka begi pale". Pale wapi? Neno "pale" na neno "huku" kwa mtu asiyeona hayana maana yoyote, na wallahi hayo ndiyo maneno yanayotumika zaidi katika stesheni zetu. Ukifika jukwaani, ukingo uko wapi? Hapo si suala la usumbufu tena. Hapo ni uhai.

Rudia tena, mara hii wewe ni kiziwi. Unaona vizuri, unatembea vizuri, hakuna anayejua una ulemavu. Tangazo limepita kwamba treni imechelewa, au watu wa behewa fulani wapite lango lile, na wewe umekaa tu unangojea. Hiyo ni hasara ndogo. Sasa nipeleke kwenye hasara kubwa, na hili ndilo lililonifanya nilete mada hii kwa vijana wa harakati yetu. Kijana kiziwi, wa Kiislamu, ana ndevu na kanzu, anapita kwenye ukaguzi. Askari mwenye bunduki anamwambia "wewe, simama". Hakusikia. Anaendelea kutembea. Askari anapaza sauti. Hakusikia. Sisi hapa tunajua vizuri kabisa macho ya askari yanavyobadilika katika hali kama hiyo. Tumekaa na familia zilizopoteza vijana kwa dhana tu. Sasa niambieni, alama ndogo iliyo wazi na askari aliyefundishwa ishara tano tu, "simama", "njoo", "kitambulisho", "begi", "nenda", ni jambo la anasa? Ishara tano. Mtu mwerevu anajifunza kwa asubuhi moja.

Haya, na mara ya tatu. Wewe ni dada yetu, unatumia kiti cha magurudumu. Umevaa buibui lako. Umefika kwenye ngazi na lifti haifanyi kazi, au ipo na mwenye ufunguo hajulikani aliko. Treni inaondoka. Nini kinafanyika? Mahamali wawili au askari wawili, wanaume, wanakuja na moyo mzuri kabisa. Mmoja anakushika chini ya kwapa, mwengine miguu. Buibui linapanda. Watu wanaangalia, wengine wametoa simu. Unabebwa juu, unawekwa kitini, na juu ya hayo unatakiwa useme ahsante.

Dada waliopitia haya wananiambia jambo moja kwa maneno tofauti tofauti: wameacha kusafiri. Hawakuacha kwa sababu ya maumivu. Wameacha kwa ajili ya sitara yao. Sisi tunaoandamana mtoto wa shule akiambiwa avue hijabu, tumekaa kimya dada akishikwa na wanaume asiowajua kwa sababu fundi hakuweka mteremko wa mita sita. Hiyo hijabu ni moja. Haki ni ile ile.

Jambo jengine ambalo halisemwi mbele za watu ni choo. Safari ya saa tano, na kabla yake umefika mapema, na kabla yake umetoka nyumbani. Muulize mtu anayetumia kiti cha magurudumu anajitayarisha vipi. Wengi watakwambia hawanywi maji tangu asubuhi. Mlango wa choo ukiwa mwembamba, kiti hakiingii. Ukiwa mpana lakini ndani hakuna chuma cha kushika, ameingia kufanya nini? Na kwetu sisi kuna tahara, kuna udhu. Bomba likiwa juu ya ukuta asikolifikia, sala itakuwaje?

Nilimsindikiza ustadh mmoja safari moja, ni mtu asiyeona, hafidh wa Qur'ani, amesomesha watoto wa mtaa mzima. Kituo sitakitaja, wala sitasema kama kilikuwa cha treni au cha basi. Mhudumu alikuja akanisalimia mimi. Akaniuliza mimi, "huyu mzee anaenda wapi?" Ustadh amesimama hapo hapo. Akaniuliza, "ana kitambulisho?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Akacheka kidogo, akamshika mkono akaanza kumvuta kama anayevuta mbuzi wa Idd. Ustadh akasimama. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, usinishike. Nipe bega lako nikushike mimi." Tulipokuwa ndani aliniambia kwamba amelifundisha somo hilo zaidi ya mara mia maishani mwake, na kila akisafiri anaanza upya na mwanafunzi mpya.

Nimeileta hii kwa sababu Wapwani tuna sifa ya ukarimu na ni sifa ya kweli. Kumsaidia mlemavu kwetu ni thawabu, tunagombania kumvusha barabara. Lakini ukarimu una tabu yake moja: unategemea mtu mwema awepo saa ile. Akikosekana, au akiwepo na amekasirika, au akiwa ana haraka, haki yako imekwenda naye. Mteremko wa saruji haukasiriki. Uko pale saa kumi na moja alfajiri na uko pale saa nne usiku, na hauulizi "huyu anaenda wapi?"

Sasa dini yetu. Mwajua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, radhiyallahu anhu. Sahaba asiyeona, alikuja kwa Mtume ﷺ kuuliza jambo la dini wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Kikureshi, na Surat Abasa ikateremka. Kisa hiki tunakisikia sana kwenye mawaidha na mara nyingi tunaishia hapo, kwenye kukunja uso. Nataka twende mbele kidogo. Baada ya hapo mtu huyu alifanywa nini? Alikuwa muadhini Madina, pamoja na Bilal. Na zaidi ya mara moja Mtume ﷺ alipotoka Madina alimwacha yeye asimamie mji. Hakupewa sadaka akaambiwa akae pembeni. Alipewa kazi, na mji wenyewe.

Wanahistoria wetu pia wanasimulia habari ya Walid bin Abdulmalik, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala mwaka 705 hadi 715, kwamba aliweka utaratibu kila asiyeona awe na wa kumwongoza na kila asiyeweza kutembea awe na wa kumhudumia, kwa gharama ya hazina ya dola. Hazina ya dola, ndugu zangu. Hakupitisha kikapu msikitini. Hiyo ni miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, kisha mtu aje aniambie leo mambo haya yametoka Ulaya. Na kila mtoto wa madrasa amesoma kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Ngazi isiyo na njia mbadala ni chenye kuudhi njiani.

Na kabla hatujaenda kwa watu wa reli, tujiangalie. Misikiti yetu mingi hapa ina ngazi tatu, nne, na kizingiti juu yake. Pa kutilia udhu panateleza. Viatu vimetapakaa mlangoni, asiyeona anakanyaga, anajikwaa. Khutba haina mkalimani wa lugha ya ishara. Kuna viziwi katika mji huu waliosali Ijumaa miaka thelathini bila kuijua khutba hata moja imesema nini. Mkurugenzi wa stesheni akituuliza "na msikiti wenu?", tuwe na la kumjibu. Nitarudi hapo.

Tuje kwenye sheria, haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, kwa kiwango kinachofaa. Pia haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na ulemavu umetajwa humo pamoja na dini. Dini na ulemavu viko katika sentensi moja. Sisi tunaokikimbilia kifungu cha 27 kila siku kwa sababu ya dini, basi tukisome hadi mwisho.

Kabla ya katiba, kulikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003. Iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano tangu kifungu kile kianze kutumika warekebishe majengo yao. Tembeeni mjini mjionee wenyewe miaka hiyo mitano imefanya nini. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 ni cha mambo haya haya. Na Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulipelekwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Kwa hivyo sheria tunayo, na ni mbichi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao laki tisa wenye ulemavu, na hapo wazee wengi wanaokwenda na mkongojo hawajioni kuwa ni walemavu, hawakujiandikisha hivyo.

Kuna neno katika kifungu cha 54 ambalo mawakili wa serikali wanalipenda: "kinachofaa". Watakwambia hali ya uchumi hairuhusu, hiyo haifai sasa. Hapo ndipo mnatakiwa mjue bei za vitu. Kuongeza lifti katika jengo lililokwisha ni ghali kweli, sibishani. Lakini kupaka ukingo wa ngazi rangi ya njano ili mwenye macho hafifu auone, ni mkebe wa rangi. Kuandika kwenye kioo kile kile tangazo linalosemwa na kipaza sauti, ni mtu wa kompyuta. Kaunta moja kushushwa hadi kama sentimita 90, ni fundi seremala wa siku mbili. Kumfundisha mhudumu asiseme "pale", aseme "hatua kumi mbele yako, mkono wa kulia", hakuna gharama.

Zile tofali za njano zenye mistari na vinundu mnazoziona kwenye picha za nchi za nje, zilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, na za kwanza ziliwekwa mji wa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Mistari mirefu maana yake endelea, vinundu maana yake simama, kuna hatari au kuna njia panda. Unaisoma kwa mguu au kwa fimbo. Leo ziko stesheni za dunia nzima. Ni tofali tu. Pale Kongowea kuna mafundi wa tofali wanaoweza kufinyanga hizo kesho. Shida yake moja ni sisi wenyewe: zikiwekwa, mtu ataegesha boda juu yake, mwengine ataweka meza ya kuuza soda.

Na tuseme mapema, kabla ya kujengwa. Reli ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa 1904 bila kumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Sheria yao ikaja 1990. Mpaka 2022, baada ya kesi za miaka, ndipo shirika lao likakubali kwamba asilimia 95 ya stesheni zifikike ifikapo 2055. Mwaka 2055! Mtu aliyezaliwa leo atakuwa na mvi zake za kwanza. Hiyo ndiyo bei ya kusahau. Hapa kwetu Shirika la Reli limekuwa likishughulikia njia ya kuunganisha katikati ya mji wa Mombasa na Miritini. Kila stesheni ndogo katika njia kama hiyo ni nafasi ya kuuliza swali mapema, saruji ikiwa bado mbichi. Tusipouliza sisi, wajukuu wetu ndio watakaokwenda mahakamani.

Nikupeni kisa kimoja cha harakati, kisha tupange kazi. Marekani walikuwa na kifungu kinachoitwa 504, cha mwaka 1973, kilichokataza kuwabagua walemavu katika kila kinachopokea pesa za serikali kuu. Kilipitishwa, kikakaa kwenye droo miaka minne, hakuna kanuni za kukitekeleza. Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya mia moja wakaingia jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka. Miongoni mwa viongozi alikuwa Judith Heumann, aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Walikaa humo zaidi ya siku ishirini, wengine hawana dawa zao, wengine wanahitaji kugeuzwa usiku kucha. Na chakula kililetwa na nani? Black Panthers. Vijana weusi waliokuwa na vita vyao wenyewe na polisi, walipika na kuleta chakula cha moto kila siku. Mmoja wao, Brad Lomax, alikuwa mle ndani kwenye kiti chake. Tarehe 28 Aprili kanuni zikatiwa sahihi.

Mimi kila nikisoma kisa kile, nakiona kile chakula. Wale Panthers wangeweza kusema kama yule ndugu yangu pale nyuma: mambo yetu na haya wapi na wapi?

Haya, kazi. Hatuendi kupiga kelele stesheni, na hatuendi bila wenyewe. Hili nalisema kwa mkazo. Kabla ya yote tumezungumza na watu wa vyama: Chama cha Viziwi kipo, Muungano wa Wasioona upo, na kuna vikundi vya mitaani Likoni, Changamwe, Bamburi. Wao ndio watakaotwambia tuanze na nini. Inawezekana sisi tumeshikilia lifti na wao wakatwambia tabu yao kubwa ni matatu inayokataa kuwasimamia Changamwe ili wafike hiyo stesheni. Basi tutaanza na matatu. Safari ni mnyororo. Na wale wa Likoni watatwambia kwanza habari ya kivuko, manake maji yakitoka ule mteremko unakuwa mkali hata kwa mwenye miguu miwili.

Kisha tutakwenda kupima. Timu za watu wanne, na katika kila timu angalau wawili ni watu wenye ulemavu, na hao ndio wasemaji. Mnabeba tepu ya fundi na daftari. Mteremko kipimo chake ni rahisi: kila sentimita moja ya kwenda juu, inatakiwa sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Kama ngazi zimepanda nusu mita, mteremko uwe na urefu wa mita sita. Ukikuta wa mita mbili, huo ni wa kubingirishia mapipa, si wa binadamu. Milango mnapima upana, kwa kiti cha kawaida unataka kama sentimita 80 au 90 zilizo wazi, si pamoja na fremu. Lifti mnaandika kama inafanya kazi, saa ngapi, na nani ana ufunguo. Mkiikuta nzuri mnaandika nzuri. Wafanyakazi wakiwahudumia vizuri mnaandika hivyo pia. Ripoti yenye malalamiko matupu haisomwi, na pia si uadilifu.

Picha, muombe ruhusa kwa wasimamizi, na tutapeleka barua mapema ili msikamatwe kwa kupiga picha mahali penye ulinzi. Naongea na nyinyi wenye vidole vyepesi. Msipige picha ya mtu akibebwa hata kama inaumiza moyo. Hasa akiwa dada.

Sambamba na hiyo tutaandika barua ya kuomba habari. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Tutauliza mambo machache: lifti zilikaguliwa lini mara ya mwisho, viti vya magurudumu vya kuazima viko vingapi katika kila stesheni, wahudumu wangapi wamefundishwa lugha ya ishara, na mpango gani upo wa kutekeleza sheria mpya ya 2025. Wakinyamaza, tunakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman. Kuna pia Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ulemavu uko chini ya kazi yao. Mahakama ni mlango wa mwisho, hatuanzi nao.

Na msikiti. Nilisema nitarudi. Kila timu itakayopima stesheni, ipime na msikiti wa mtaa wake kwa karatasi ile ile, iipeleke kwa kamati kwa adabu, wazee wasijione wamevamiwa. Kuna maimamu wawili washakubali kuanza. Mmoja ana fundi tayari, anatafuta saruji tu, mifuko minane. Mwenye kuweza aongee na ndugu wa fedha kabla hajaondoka.

Majina yanaandikwa pale mlangoni. Safu ya kwanza ni ya wanaojua lugha ya ishara hata kidogo, nyinyi tunawahitaji sana. Safu ya pili ni ya wenye gari au tuktuk, manake tutahitaji kuwachukua wenzetu majumbani. Mkutano wa kwanza na vyama ni Jumamosi, na tumehama: hatufanyi ofisini kwetu, kwa sababu ofisi yetu iko ghorofa ya pili na haina lifti. Tutakutana ukumbi wa chini wa madrasa, mlango wa nyuma ambao hauna kizingiti.

Kama kuna maswali, karibuni. Ndugu yangu wa pale nyuma, anza wewe.